Kocha Roboti katika Wodi ya Utengamao

Kocha roboti ni mashine inayomwelekeza mgonjwa namna ya kufanya mazoezi, inayomtazama anapoyafanya, inayohesabu marudio, inayomsahihisha na kumtia moyo, yote hayo bila kumgusa. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayoitenga na roboti nyingine za tiba, zile zinazoshika kiungo na kukisogeza. MIT-Manus, iliyobuniwa Massachusetts na Neville Hogan na Hermano Igo Krebs, huushika mkono wa aliyepooza na kuuongoza juu ya meza. Lokomat, iliyotoka Uswisi, humshikilia mgonjwa kwa mikanda juu ya mashine ya kutembelea na kumwendesha miguu. Kwa kocha roboti, nguvu zote hubaki kuwa za mgonjwa mwenyewe. Mashine huchangia maneno, mfano na uangalizi.

Tawi hili lilipewa jina na mipaka yake mwaka 2005, David Feil-Seifer na Maja Matarić wa Chuo Kikuu cha Southern California walipoeleza aina ya roboti inayosaidia kwa mawasiliano badala ya nguvu. Miaka miwili baadaye Matarić na wenzake, akiwamo bingwa wa fiziotherapia Carolee Winstein, waliandika juu ya roboti iliyowahimiza watu waliopata kiharusi kuutumia mkono uliodhoofika. Kwa upande wa usalama faida ilikuwa dhahiri: mashine isiyomgusa mgonjwa haiwezi kumtegua bega.

Haja ya mashine hiyo humjia wazi yeyote anayekaa wodini mchana kutwa. Mwaka 2004 Julie Bernhardt na wenzake walichapisha uchunguzi wa namna wagonjwa wa kiharusi walivyoutumia mchana katika wodi tano za Melbourne, Australia. Zaidi ya nusu ya muda walikuwa wamelala kitandani. Asilimia 13 tu ya muda ilikwenda kwenye shughuli zinazoweza kuzuia madhara na kurudisha uwezo wa kutembea, na kwa asilimia 60 ya muda walikuwa peke yao. Hizo ni wodi maalumu za kiharusi, katika nchi tajiri. Mwaka 2009 Catherine Lang na wenzake walionyesha kwamba hata kipindi cha tiba chenyewe hakina mazoezi mengi: mkono uliopooza ulifanya vitendo vya maana mara 32 kwa wastani, ilhali katika majaribio ya wanyama marudio hufika mamia kwa siku.

Marudio yana uzito huo kwa sababu ya jinsi ubongo unavyojifunza. Sehemu iliyokufa kwa kukosa damu haifufuki. Sehemu zilizosalia ndizo zinazojipanga upya na kuchukua kazi yake, nazo hujipanga kwa kufanyishwa jambo lilelile tena na tena. Mtaalamu mmoja mwenye wagonjwa wengi hawezi kusimama kando ya kila kitanda akihesabu hadi mia tatu. Hapo ndipo penye nafasi halali ya roboti: katika saa nyingi zilizo tupu kati ya kipindi na kipindi, wala si katika kipindi chenyewe.

Hata hivyo kujaza saa hizo hakuna maana ya kumchosha mgonjwa. Jaribio kubwa la AVERT, lililochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha watu zaidi ya 2,000, lilionyesha kwamba waliosimamishwa mapema mno na mara nyingi mno baada ya kiharusi walikuwa na hali duni zaidi miezi mitatu baadaye kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kiasi cha mazoezi ni dawa, na dawa huandikwa na anayemjua mgonjwa.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya wodini unatoka Ujerumani. Kati ya mwaka 2013 na 2016, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Ilmenau, chini ya Horst-Michael Gross, kiliendesha mradi wa ROREAS pamoja na hospitali ya utengamao ya Bad Liebenstein. Walengwa walikuwa wagonjwa wa kiharusi waliokwisha kuruhusiwa kutembea peke yao kwenye korido lakini hawakutembea. Wengine waliogopa kwenda mbali wakaishiwa nguvu njiani. Wengine walipotea, kwa kuwa kiharusi kilikuwa kimewavuruga hisia ya mahali. Roboti yenye magurudumu na skrini ya kugusa iliwafuata, ikawaonyesha viti vya kupumzikia, ikapima umbali waliokwenda na kuwarudisha chumbani.

Linaonekana jambo dogo, lakini kiufundi ni zito. Korido ya hospitali hujaa vitanda, viti vya magurudumu na watu wanaotembelea magongo, ambao kamera huwakosea kwa urahisi. Mashine lazima imtambue mtu wake hata akipotea nyuma ya kundi kwa muda, na ijue kusimama pembeni pale njia inapokuwa nyembamba. Kufuata kwa adabu kuliwagharimu wahandisi jasho zaidi kuliko kusema.

Mradi uliofuata, ROGER, ulihamia kwa waliowekewa nyonga bandia katika hospitali ya Eisenberg. Mtu aliyetoka kwenye upasuaji huo hufundishwa kutembea kwa magongo mawili kwa mpangilio maalumu: magongo pamoja na mguu ulioathirika, kisha mguu mzima. Mtaalamu akiondoka, makosa hurudi. Mgonjwa huinamisha kichwa, huchanganya mpangilio, huegemea upande. Roboti hii hutangulia mbele ikimtazama kwa kamera inayosoma viungo vya mwili, na humsahihisha papo hapo. Kosa linalorekebishwa siku ya tatu halijawa mazoea, na huenda hii ndiyo kazi bora kuliko zote ambayo kocha roboti amepewa hadi sasa.

Huko Greifswald, pia Ujerumani, Thomas Platz na wenzake katika mradi wa E-BRAiN waliitumia Pepper, roboti ya kampuni ya SoftBank yenye kimo cha sentimeta 120, kuongoza mazoezi ya mkono baada ya kiharusi. Mpango wao uliheshimu ngazi: kwanza mtaalamu anampima mgonjwa, anachagua zoezi na kulianza pamoja naye, ndipo roboti inapoliendeleza.

Ushahidi unapaswa kusomwa kwa makini. Roboti za kushika mkono zimejaribiwa sana, na matokeo hayakuwa ya kishindo: jaribio la RATULS la Uingereza, lililohusisha watu 770 na kuchapishwa mwaka 2019, halikuona mkono ukipata nafuu kuliko kwa huduma ya kawaida. Tafiti za makocha roboti ni ndogo zaidi. Lililojitokeza ni kwamba mwili wa mashine una athari: Juan Fasola na Matarić waliona wazee wakiipendelea roboti iliyo mbele yao kuliko picha yake kwenye skrini. Kupendelea, hata hivyo, si kupona, na upya wa kitu huisha.

Yapo pia mambo ya heshima. Kamera wodini humtazama mtu akiwa dhaifu, hivyo ridhaa yake lazima iombwe, na picha zisitoke hospitalini. Aliyepoteza usemi kwa kiharusi asilazimishwe kuijibu mashine kwa sauti. Na ikiwa roboti hizi zitafika wodi za Moshi au Mombasa, itabidi zijue kumwamkia mzee kabla ya kumwagiza anyanyue mkono. Amri kavu kutoka kwa kitu chenye sura ya mtoto yaweza kumchukiza kabla zoezi halijaanza.

Kununua nako kuna hatari yake. Mwaka 2021 ilifahamika kwamba SoftBank imesimamisha utengenezaji wa Pepper, na programu zilizojengwa juu yake zikabaki zikitegemea mashine isiyozalishwa tena.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao bilioni 2.4 wana hali zinazoweza kunufaika na utengamao, na kwamba nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hazina hata wataalamu 10 kwa kila watu milioni moja. Upungufu huo hautibiwi kwa kununua makocha wa chuma. Hospitali isiyo na mtaalamu wa fiziotherapia ianze kwa kumwajiri, kwa sababu bila yeye roboti haina wa kuipangia zoezi.