Kuwa Mwanafunzi Tena

Leo nataka tuzungumze juu ya mtu ambaye huenda ni jirani yako, au ni ndugu yako, au ni wewe mwenyewe. Ni mtu mzima aliyeacha kazi aliyoizoea tangu utoto, akaanza kujifunza nyingine wakati watu wa rika lake wamekwisha kukaa vitini na kutoa mashauri. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchunga mifugo. Ya pili ni ufundi wa umeme. Na ninaposema mchungaji leo, tafadhali simsemi kasisi. Namsema yule wa ngamia na mbuzi.

Watu wa Garissa, Wajir na Mandera hawahitaji kuelezwa kwa nini mtu huacha mifugo. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Katika sehemu kavu za Kenya mifugo zaidi ya 2,500,000 ilikufa. Kisha mwishoni mwa 2023 mvua ikaja kwa hasira, mto Tana ukafurika, na maji yakaikata barabara kati ya Madogo na Garissa. Basi mwenye ngamia thelathini alijikuta na watatu, na mwenye mbuzi mia alijikuta na kamba za kufungia mbuzi.

Tumfikirie baba mmoja wa namna hiyo. Ana miaka arobaini na miwili, ana mke na watoto sita, na amehamia pembeni mwa mji. Kazi zinazomngoja hapo twazijua: kubeba mizigo sokoni, kuchoma makaa, kulinda duka la mtu usiku. Hizi zote ni kazi halali. Lakini yeye amesikia kwamba mafundi wa umeme wanatafutwa, naye anauza mbuzi wake wa mwisho ili ajifunze. Je, amepotea akili?

Mimi nasema hapana. Lile jua lililounguza malisho yake ndilo sasa linaloleta kazi. Tarehe 13 Desemba 2019 kilifunguliwa rasmi huko Garissa kituo kikubwa cha umeme wa jua, cha megawati 50, chenye paneli zaidi ya 200,000. Hata hivyo tusidanganyane. Kituo kama hicho, kikishajengwa, hakihitaji watu wengi wa kukiendesha. Kazi iliyo nyingi ni ile ndogo ndogo iliyotawanyika porini: pampu ya kisima, jokofu la chanjo katika zahanati, taa za shule na za duksi, kibanda cha kuchaji simu. Vitu hivyo huharibika. Vumbi hufunika paneli, panya hutafuna waya, betri huchoka, na fundi yuko mbali.

Njia za kujifunza zipo. Mwenye vyeti vya shule aweza kwenda North Eastern National Polytechnic pale Garissa. Asiyekuwa na vyeti aweza kukaa chini ya fundi mjini, kisha akafanya mtihani wa ufundi wa serikali, akianza na daraja la tatu. Katika mtihani huo mikono yako huulizwa maswali kuliko kalamu yako. Baadaye yafaa apate leseni kutoka mamlaka ya serikali inayosimamia kawi, maana bila leseni haruhusiwi kuweka umeme katika nyumba ya mtu.

Lakini msidhani kwamba ada ndiyo iliyo ngumu zaidi. Iliyo ngumu ni siku ile ya kwanza. Baba huyu, ambaye jana watu walimwuliza njia ya kuhamisha mifugo na siku ya kuondoka, leo anabeba ngazi ya kijana wa miaka ishirini na miwili. Kijana anasema, "Lete bisibisi," naye analeta koleo. Watoto wanacheka. Jioni anakutana na wenzake wa zamani, wanamwuliza mambo ya ngamia, naye hana la kusema. Wengi huacha hapo hapo, katika wiki ya pili au ya tatu. Hawakushindwa na umeme, walishindwa na kicheko. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini hawakutuambia jinsi mgongo wa mtu mzima unavyouma anapoinama mbele ya watu.

Hapa namkumbuka Musa, ambaye wasikilizaji wetu Wakristo na Waislamu humheshimu sawasawa. Alilelewa katika nyumba ya mfalme wa Misri, na Wamisri, kama tunavyosoma katika kitabu cha Mwanzo, waliwachukia wachungaji wa mifugo. Kisha akakimbilia Midiani, naye alipokuwa mtu wa miaka kama arobaini akawa mchungaji, tena si wa mifugo yake mwenyewe bali ya mkwewe. Hatuambiwi ni nani aliyemwonyesha jinsi ya kumshika mbuzi mkaidi. Huenda walikuwa mabinti wale wale aliowasaidia kisimani, maana wao ndio walioijua kazi. Sisi husoma haraka tufike kwenye kile kijiti kilichowaka moto, tukairuka ile miaka mingi katikati, ambapo mtu wa ikulu alikuwa akijifunza kazi iliyodharauliwa nyumbani kwao.

Sasa nina neno kwa wale wanaomwonea huruma baba huyu. Wako watu wema wasemao, "Maskini, mpe kazi, ana watoto." Baada ya majuma matatu wanamwita aje kutia waya nyumba nzima. Huruma ya namna hiyo sipendi. Umeme wa nyumbani ni wa volti 240, nao haujui kwamba huyu ni mzee wa ukoo wala kwamba ameona taabu. Akikosea kufunga waya wa ardhi, hatari haitampata yeye. Itampata mtoto atakayeligusa jokofu siku ya mvua, akiwa hana viatu.

Kwa hiyo mwalimu wake asimharakishe wala asimsamehe. Amfundishe kuzima swichi kubwa na kutia fyuzi mfukoni, ili mtu mwingine asiirudishe. Amfundishe kupima kabla ya kugusa, na kabla ya hapo kuipima testa yenyewe mahali ajuapo kwamba pana umeme, kwa maana testa iliyokufa humwambia kila mtu kwamba waya umekufa. Tena amwambie jambo ambalo hata mafundi wa nyumba husahau: paneli ya jua haizimwi kwa swichi. Maadamu mwanga unaiangukia, waya zake zina nguvu, hata ukikata kila kitu huko chini. Lakini ewe kijana unayefundisha, maneno makali msemee mkiwa wawili tu, si mbele ya wenye nyumba. Na umwite kwa heshima yake, hata anapokukosea.

Ninyi kina mama mlio na mume wa namna hii, najua mwaka wa kwanza unga huwa mchache. Wengine wenu mmeuza maziwa na chai mpaka yeye akapata cheti, wala jina lenu halikuandikwa juu yake.

Nimesema kwamba anajifunza upya, lakini si kila kitu. Siku moja pampu ya kisima fulani itanyamaza, mbali na lami. Fundi wa mjini atauliza njia mara nne, naye atataka kurudi kabla ya jua kutua. Baba huyu anaijua njia. Anajua kwamba ngamia aweza kungoja lakini mbuzi na ng'ombe hawawezi, na kwamba wakati wa kiangazi makundi mangapi yatafika pale kufikia kesho asubuhi. Atazifunika paneli kwa turubai, atapanda, atapima, atafungua kisanduku na kutoa waya ulioungua. Na wale wachungaji waliosimama na mitungi mitupu hawatauliza kama alianza kujifunza akiwa na miaka ishirini au arobaini. Watamwuliza kama maji yatatoka leo.