KUTOA SAUTI KATIKA VIDEO
Mazungumzo na wahabarishaji wa kujitolea, Juba



Wengi wenu mlijifunza Kiswahili ukimbizini, Kenya au Uganda. Leo tuzungumzie jambo moja: jinsi ya kugeuza video kuwa faili la sauti.

Mwaka 2014, watu walipokuwa wamekimbilia kambi za Umoja wa Mataifa hapa Juba, shirika la Internews lilianzisha Boda Boda Talk Talk. Vipindi vilirekodiwa, kisha vikachezwa kwa spika zilizozungushwa kambini. Mtu aliweza kupata habari bila redio, bila simu, na bila kujua kusoma. Hiyo ndiyo faida ya sauti. Tena ni nyepesi: maongezi ya dakika 30, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, huchukua megabaiti 14 na nusu hivi. Video ya muda huo inaweza kufika mamia.

Programu ya VLC ni ya bure, na ukishakuwa nayo haihitaji intaneti. Fuata hatua hizi:

1. Fungua VLC, bonyeza Ctrl na R kwa pamoja, uongeze video yako.
2. Endelea, uchague sauti ya MP3. Katika mipangilio yake weka kilobiti 64 na chaneli 1.
3. Lipe faili jina jipya linaloishia na .mp3, kisha anzisha. Video ya asili itunze.
4. Kwa kukata na kupunguza kelele, tumia Audacity, nayo ni ya bure.

Hapo kazi haijaisha. Funga macho, usikilize. Chukua video ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari. Mwalimu anainua kijiko na kusema, "Kiasi hiki." Mtazamaji ameona, msikilizaji ameachwa gizani, na chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Rekodi maneno yanayokosekana: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote visawazishwe. Kipindupindu kilitangazwa nchini Oktoba 2024. Kosa hili si dogo.

Mwisho, kuondoa picha hakumfichi mtu. Jirani huitambua sauti. Mwombe msemaji ruhusa upya, na kata majina yanayoweza kumletea hatari. Akikataa, kipindi kisichezwe.