Kurudishwa Mahali Pake

Dominika ya 23 ya Mwaka C
Masomo: Hek 9:13-18, Flm 9-10, 12-17, Lk 14:25-33



Katika somo la pili la leo Mtume Paulo, mzee na mfungwa, anamwandikia Filemoni barua iliyo fupi kuliko zote alizotuachia. Habari yenyewe ni ya mtu mmoja, Onesimo, mtumwa aliyekuwa ametengana na bwana wake, akazaliwa katika imani kwa njia ya Paulo kifungoni, na ambaye sasa anarudishwa. Kuondoka huweza kuwa jambo la usiku mmoja. Kurudi kwa Onesimo kulihitaji barua, maombezi na mtu wa kujitwika deni. Leo tutafakari kazi hiyo ya kurudisha. Na kwa kuwa Bwana wetu alifundisha kwa chachu, nyavu na mbegu, naomba ruhusa ya kufundisha kwa injini ya gari.

Wengi wenu mnayakumbuka magari ya petroli ya Land Rover yaliyopita njia ya Kasulu na Kibondo wakati wa masika, yakibeba wagonjwa, saruji na sanduku la vyombo vya Misa. Ndani ya injini ile yenye silinda 4 kulikuwa na kifaa ambacho mafundi wetu hukiita distributa. Magari mengi ya siku hizi hayana tena kifaa hicho. Kazi yake ni kugawa cheche. Umeme mkali kutoka kwenye koili huingia katikati ya kofia yake. Chini ya kofia rota huzunguka kama mshale wa saa, ikiupeleka umeme huo kwenye waya wa plagi moja baada ya nyingine. Nayo haifuati hesabu ya darasani ya 1, 2, 3, 4. Katika injini ile zamu ni 1, 3, 4, 2. Ukibadilishana nyaya mbili tu, gari zima litakohoa.

Kuitoa distributa ni kazi nyepesi: unalegeza bolti, unavuta, imetoka. Ni katika kuirudisha fundi anapojulikana. Nami naona mambo matatu ya kujifunza kwake.

Jambo la kwanza: fundi mwenye busara huweka alama kabla ya kutoa. Huchora mahali rota inapoelekea, huchora alama nyingine kati ya distributa na mwili wa injini, na huandika namba kwenye kila waya. Mkono wake unatoa, lakini moyo wake tayari unafikiria kurudisha.

Sisi wa Kigoma tunao ushahidi mkubwa zaidi wa hekima hiyo. Mwezi Julai 1916, Wajerumani walipolazimika kuondoka mjini kwetu, waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Goetzen karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, isiangukie mikononi mwa adui. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka mashine zake grisi nzito. Miaka ikapita, maji yakiwa juu yake. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, na mashine zikakutwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Tena mwaka 1997 meli hiyohiyo, iliyowahi kulala chini ya ziwa, iliwarudisha makwao maelfu ya wakimbizi wa Kikongo. Waliopaka ile grisi hawakujua mambo hayo yote. Walichojua ni kwamba si kila kinachozamishwa kimekufa.

Basi, mzazi unayelazimika kumwadhibu mwanao, wanajumuiya mnaolazimika kumsimamisha mwenzenu katika uongozi, ndugu mnaotengana kwa ugomvi wa shamba: mmepaka grisi? Au mmetamka lile neno ambalo likishatoka halina pa kurudia, la kumwambia ndugu yako kwamba hata siku ya msiba asikanyage? Ukweli usemwe, na adhabu inayostahili itolewe. Lakini iachwe alama ya kumwonyesha mtu mahali pake palipo, siku atakapoutafuta mlango.

Jambo la pili ni gumu zaidi, na hapo ndipo mafundi wengi wanafunzi hukwama. Ili kuirudisha distributa, pistoni ya silinda ya kwanza lazima iwe imefika juu. Lakini pistoni hufika juu mara mbili katika mzunguko mmoja wa kazi yake: mara moja ikiwa inakandamiza hewa na petroli tayari kuwashwa, na mara nyingine ikiwa inasukuma nje moshi wa kazi iliyokwisha. Alama iliyochongwa kwenye puli huonyesha vilevile mara zote mbili. Anayetazama alama hiyo peke yake aweza kuielekeza cheche kwenye moshi. Kwa hiyo fundi huzima swichi, hutoa plagi ya kwanza, huziba tundu kwa kidole gumba, na mwenzake huzungusha injini polepole kwa hendeli. Upepo ukikisukuma kidole, hapo anajua kwamba wakati unakaribia.

Ndugu zangu wavuvi, hili mnalijua kuliko mimi. Ziwa ni lilelile, taa ni zilezile, lakini mbalamwezi ikiwaka, taa yako haivuti dagaa. Sasa chukueni mfano wa baba aliyekaa miaka mitatu katika kambi za uvuvi za kusini, anarudi nyumbani Ujiji. Mtu ndiye, nyumba ndiyo, ndoa ni halali. Alama za nje zote zimelingana. Lakini katika miaka hiyo mama ameuza dagaa Kibirizi, amelipa ada, amezika mkwe. Na mtoto wa kwanza amezoea kuulizwa ushauri. Baba akianza jioni ileile kudai hesabu na kutoa amri, cheche yake imeangukia kwenye moshi. Na aweke kidole kwanza. Akae, asikilize, aulize nani alimsaidia mama siku za njaa, akawashukuru. Nao wa nyumbani wasimhukumu kwa ukimya wa wiki ya kwanza.

Jambo la tatu: meno yanayoizungusha distributa katika injini nyingi yamekatwa kwa mshazari. Unapoishusha mahali pake, rota hugeuka kidogo yenyewe. Fundi hulijua hilo, akaianzisha nyuma kidogo ya alama ili ikitua ifike panapotakiwa. Tena hakazi bolti mpaka mwisho. Huwasha injini, huigeuza kidogo huku akisikiliza mngurumo, na mngurumo ukitulia ndipo anakaza.

Hivyo ndivyo Paulo alivyofanya. Angeweza kuamuru, naye asema hivyo. Akapenda kuomba, ili wema wa Filemoni utoke moyoni. Alimwachia nafasi ya kugeuka.

Lakini hapa, wapendwa, mfano wangu wa injini unafikia mwisho wake, na ni lazima niseme wazi. Distributa hurudishwa palepale ilipokuwa. Onesimo harudishwi palepale. Paulo anaomba apokewe kama ndugu mpendwa, si tena kama mtumwa. Kwa hiyo, wazee wa jumuiya na makatekista mnaosuluhisha ndoa, msimrudishe mwanamke kwenye kipigo mkaita hiyo amani. Msimrudishe mtoto kwa yule aliyemwumiza mkasema familia imepona. Mahali palipovunjika hutengenezwa kwanza. Mahali pasipotengenezwa, Injili haituagizi kumrudisha mtu hapo.

Ndiyo maana Bwana, katika Injili ya leo, anatutaka tuketi kwanza na kuhesabu gharama, kama mtu anayetaka kujenga mnara. Kumrudisha mtu kuna gharama. Paulo alikubali deni liandikwe kwa jina lake.

Juma hili, mtakapokutana katika Jumuiya zenu Ndogo Ndogo, kila mmoja amtaje moyoni mtu mmoja aliyetoka katika mzunguko wa maisha yake. Ajiulize mambo matatu: Je, niliacha alama? Je, wakati umefika, au natazama dalili za nje tu? Na je, mahali ninapomwita pamekuwa pema kuliko alipopaacha?

Mungu Baba, ambaye katika Kristo ametupokea sisi tuliokuwa mbali, atujalie subira ya fundi na moyo wa ndugu. Awabariki Mwenyezi Mungu, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.