Viwanda vya Ghorofa: Funzo Litokalo Ngomeni

Mtu afikaye Ngomeni, kaskazini ya Malindi, huona mabwawa mapana yaliyokatwa katika ardhi kando ya Ghuba ya Ungwana. Hayo ni mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa humo, jua na upepo huyakausha, na chumvi hubaki chini. Lita moja ya maji ya bahari ina kadiri ya gramu 35 tu za chumvi. Basi ili kupata magunia mengi, hapana budi maji yatandazwe mahali papana sana. Kazi hii haiwezi kuwekwa ghorofa juu ya ghorofa, maana bwawa la chini lisingepata jua.

Upana huo una gharama yake. Mwaka 2006 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitoa ripoti ya uchunguzi wake juu ya kazi ya chumvi huko Magarini. Iliandika malalamiko ya wenyeji juu ya kuondolewa mashambani, mikoko kukatwa, na visima kuingia chumvi.

Lakini si kila kazi inayohitaji jua. Mshona nguo, mshona viatu na mpiga chapa waweza kufanya kazi ghorofani, mradi sakafu iwe imara, pawe na lifti ya mizigo, ngazi za kukimbilia moto ukizuka, na nafasi ya malori chini.

Jambo hili limekwisha jaribiwa katika miji yenye ardhi haba. Huko Hong Kong, usiku wa Krismasi mwaka 1953, moto uliteketeza vibanda vya Shek Kip Mei, na watu zaidi ya 50,000 wakakosa makao. Serikali ilipowajengea watu wa vibanda nyumba mpya, iliona kwamba mafundi wadogo nao wahitaji mahali pa kazi. Mwaka 1957 ikafungua jengo la karakana za ghorofa huko Cheung Sha Wan. Singapore nayo ilijenga la kwanza mwaka 1965, huko Tanglin Halt, karibu na nyumba za wafanyakazi.

Miji ya Mombasa na Malindi yaweza kujifunza hapo. Fundi akishindwa na bei ya kiwanja mjini, hutoka nje kutafuta shamba, na wafanyakazi wake hulipa nauli kila siku. Yafaa wapangao miji watenge viwanja vya karakana za ghorofa mapema.

Kazi isiyo na budi kutandaa, na itandae kwa haki na kwa kupatana na wenyeji. Ile iwezayo kwenda juu, na iende juu. Huko juu hapana mnazi wa mtu wala kaburi la babu yake.