KIJANA, USIPANDE MLIMA NA KIDONDA KABLA HUJADAI CHAKO!

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa kijiwe kimoja cha Kihonda, Morogoro)

Washikaji, leo sikuja kuzungumza mpira. Nyoosha mkono wako uhesabu vidole. Kama vyote vipo, mshukuru Mungu, maana mashine za viwandani hazina macho.

Mchezo wenyewe unaujua. Kijana katoka Mgeta au Matombo, kashuka mjini na begi moja, kapata kazi kiwandani. Siku ya siku mashine inaondoka na vidole vitatu. Msimamizi anamkimbiza hospitali, analipia dawa, kisha anamchomekea elfu hamsini mfukoni: "Pole sana, kapumzike nyumbani, ukipona tutakuita." Jamaa anapanda gari, anarudi kwa mjomba wake, maana kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Anapewa kipande cha shamba. Sasa niambie, ule mteremko wa Uluguru unalimwa vipi kwa mkono mmoja? Na simu ya kuitwa haiji ng'o!

Ile elfu hamsini si fidia, ndugu yangu. Ni ya kukufunga mdomo.

Zamani matajiri walikuwa na pa kujificha. Sheria ya fidia tuliyorithi kwa mkoloni ilifikia mahali ulemavu wa kudumu unalipwa shilingi 108,000 basi, na roho ya mfanyakazi aliyekufa kazini shilingi 83,000. Mbuzi wangapi hao? Bunge likatunga sheria mpya mwaka 2008, lakini Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ukaanza kukusanya michango Julai 2015. Miaka saba wakubwa wameilaza sheria kabatini, na vidole vinakatika!

Sasa mfuko upo, na mchango ni wa mwajiri peke yake. Akikukata senti moja ya WCF kwenye mshahara, amekuibia. Mwajiri asiyejiandikisha ana kosa kisheria. Kosa hilo ni lake, si lako.

Sikiliza vizuri hapa. Ukiumia kazini, au ukiugua kwa sababu ya kazi, mwambie mwajiri mara moja, na uwe na shahidi. Yeye ana siku 7 za kuupa mfuko taarifa. Akikupiga danadana, nenda WCF mwenyewe. Dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Tunza karatasi zote: mkataba, hati ya mshahara, vyeti vya hospitali. Hata kadi ya kliniki usiitupe.

Ukiwa bado unauguza na huwezi kufanya kazi, unalipwa asilimia 70 ya mshahara, mpaka miezi 24. Ukibaki na ulemavu wa kudumu, daktari anaupima kwa asilimia. Ukiwa hauzidi 30, unalipwa kwa mkupuo. Ukizidi 30, ni pensheni ya kila mwezi. Ndiyo maana usikubali kupimwa kwa macho na msimamizi anayekwambia "kidole tu hicho". Kidole ni cha kwako, na asilimia ni kazi ya daktari.

Mwenye bodaboda ananiuliza: na mimi je? Wewe usiye na mwajiri, mfuko huu haukuoni. Halmashauri inatenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa watu wenye ulemavu, lakini huo ni mkopo. Hauna riba, ila unarudishwa. TASAF nayo inatazama umaskini wa kaya kwanza. Wenzetu Kenya walianza mwaka 2011 kuzipa fedha kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Sisi tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, imeandikwa vizuri kweli, lakini kijana aliyekatwa mguu pale Msamvu akiuliza fomu ya posho ya kila mwezi, ofisa atamtazama kama ameomba mwezi wenyewe. Hilo tuwadai wabunge wetu, wa chama chochote kile.

Lakini aliyeajiriwa ana chake tayari. Kila mmoja hapa anamjua jamaa aliyeumia kiwandani akapanda mlima kimya kimya. Mpigie leo usiku. Muulize jambo moja kwanza: aliumia tarehe ngapi?