Nchi Jirani: Tangazo Linalomchungulia Msomaji

Biashara ni matangazo, husema wafanyabiashara. Muuza samaki hunadi samaki wake sokoni, mpita njia akasikia, akanunua au akaenda zake. Hakuna aliyepata kumchukia muuzaji kwa sababu hiyo. Hata hivyo, mamilioni ya watu duniani wameamua kuweka katika simu na kompyuta zao programu za kuzuia matangazo ya intaneti. Watu hao si maadui wa biashara. Yafaa sababu zao zieleweke, na hasa kwa askari, kwani mambo hayo yanahusu usalama wa lindo.

Tangazo la kwanza la namna hiyo, bango la kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani, lilitokea katika tovuti ya HotWired mwezi Oktoba 1994. Lilikuwa bango tu, la kutazamwa. La leo humtazama msomaji. Mtu afunguapo ukurasa, kabla haujatokea wote, nafasi ya tangazo hutiwa mnadani. Habari za simu yake, pamoja na namba ya utambulisho wa matangazo na mara nyingi mahali alipo, hupelekwa kwa wanunuzi wengi kwa wakati mmoja. Mshindi huweka tangazo lake. Lakini hata walioshindwa wamekwisha kuzipata habari zile.

Sababu ya kwanza ya kuzuia ni gharama. Picha na sinema za matangazo hula kifurushi ambacho msomaji amekinunua kwa fedha yake mwenyewe. Sababu ya pili ni uhalifu. Mwezi Machi 2016 matangazo yenye sumu yalipenya katika tovuti zinazoheshimika, zikiwamo za New York Times na BBC, kwa nia ya kufunga majalada ya wasomaji na kudai fedha. Mwezi Desemba 2022 polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, waliwashauri wananchi watumie programu za kuzuia matangazo, kwa kuwa matapeli walikuwa wakinunua matangazo na kujifanya makampuni ya kweli.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Mwezi Novemba 2024 waandishi wa habari wa Ujerumani na Marekani walifichua kwamba dalali mmoja wa Marekani aliwapa bure, kama kionjo cha bidhaa yake, alama za mahali zipatazo bilioni 3.6 zilizokusanywa Ujerumani kutoka simu zipatazo milioni 11. Humo zilionekana simu zikiingia na kutoka katika kambi za jeshi, kama vile Büchel na Grafenwöhr, kisha zikirejea majumbani. Hakuna jasusi aliyepanda ukuta. Kila askari alikuwa amembeba mpelelezi mfukoni mwake.

Wapo wanaolalamika, na hoja yao si ya kupuuzwa: magazeti mengi huishi kwa fedha za matangazo, na mwandishi hana budi kulipwa. Kampuni ya magazeti ya Axel Springer ilikwenda mahakamani kupinga programu hizo. Mwezi Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Shirikisho la Ujerumani, mjini Karlsruhe, iliamua kwamba kuzuia matangazo si kosa. Basi mtangazaji anayetaka kuonwa na amheshimu anayemwona.

Katika Afrika Mashariki, Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo ni ngao njema. Lakini habari ikishavuka mipaka na kuuzwa mara kumi, kuirudisha ni kazi ngumu. Sheria haiwezi kusimama zamu badala ya mwenye simu.

Kwa hiyo, askari na polisi na wajue kwamba programu ya kuzuia matangazo katika kivinjari ni hatua ya kwanza tu. Haizuii michezo, tochi na programu nyingine za simu kutoa habari. Yapasa kuzinyima ruhusa ya kujua mahali, kuifuta namba ya utambulisho wa matangazo pale simu inaporuhusu, kuziondoa programu zisizo na kazi, na kutii amri ya kamanda inapokatazwa kubeba simu kazini. Adui wa zamani alilazimika kuvizia kambi usiku kucha ili ajue zamu inabadilishwa saa ngapi. Wa leo aweza kuinunua habari hiyo kwa dalali. Kikulacho ki nguoni mwako.