Kipindi cha Michezo si cha Kuazimwa

Mazungumzo kwa wazazi na walimu wa shule za msingi, Busia na Malaba



Kila anayeishi Malaba au Busia ameiona hali hii. Jioni watoto wakitoka shule, trela zimepanga foleni kuelekea mpakani, bodaboda zinapenya katikati, na kando ya lami watoto wanacheza kati kwa mpira wa matambara. Mpira ukiingia chini ya trela, mtoto huufuata. Kwa nini achezee pale?

Jibu la kwanza liko kwenye ratiba. Elimu ya viungo imo katika mtaala. Kipindi ni dakika 30 katika Gredi ya 1 hadi ya 3, na dakika 35 katika Gredi ya 4 hadi ya 6. Lakini mtihani ukikaribia, aghalabu hicho ndicho kipindi cha kwanza kuazimwa na Hisabati, na deni halilipwi. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mazoea yake bado yapo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya kutoa jasho kila siku. Kipindi kizima hutimiza takriban nusu tu. Kikiazimwa, mtoto huzitafuta zote barabarani.

Jibu la pili ni uwanja. Uwanja usio na ua wala hatimiliki ni rahisi kumegwa, hasa mjini ambako kila kipande cha ardhi kina mnunuzi. Watu wa mpakani wanajua thamani ya jiwe la mpaka. Bodi ya shule na iyajue mawe yake, na iulize hatimiliki iko wapi.

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa. Chekechea na shughuli za michezo za kaunti ziko chini ya serikali ya kaunti. Mtoto hajui mgawanyo huo. Anachojua ni kama ana mahali pa kukimbia.

Vifaa visiwe kisingizio. Kamba ya katani, tairi kuukuu na mpira wa matambara vinatosha kuanzia. Mwalimu aukague uwanja kwanza, aondoe vipande vya chupa, na maji ya kunywa yawe karibu. Mtoto mwenye ulemavu apewe zamu yake ya kucheza, si kazi ya kulinda sweta za wenzake. Msichana naye asiitwe kuosha vyombo huku kaka yake akibaki uwanjani.

Leo jioni, mzazi akishauliza mtoto amepata alama ngapi, aulize pia amecheza nini, na wapi. Jibu likiwa "barabarani", basi kuna mkutano wa kuitishwa shuleni.